Kikorea cha nyumbani: mwongozo kamili wa maneno ya familia na tabia kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Ukifungua karibu kitabu chochote cha Kikorea cha wanaoanza, familia utaikuta katika masomo ya mwanzo, na mara nyingi imeelezwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo wengi wetu tunapotezwa njia. Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mkaza mjomba. Wakorea wanawatenganisha, na sisi pia. Ukiipitisha shangazi kwenye Kiingereza kabla ya kuifikisha kwenye Kikorea, inafika imepondeka, halafu unaanza kuhangaika kurudisha kitu ambacho tayari ulikuwa nacho nyumbani kwenu.

Kwa hiyo ushauri wangu, na ndio msingi wa mwongozo huu wote: weka kando kamusi ya Kiingereza. Chukua daftari, chora ukoo wako kwa Kiswahili, kisha andika Kikorea juu ya majina hayo.

Hatua ya kwanza: sikio na mdomo

Kikorea huandikwa kwa Hangeul, maandishi yaliyotangazwa rasmi na Mfalme Sejong mwaka 1446. Herufi za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Jitengee wiki moja uzijue. Herufi za Kilatini nilizoandika hapa ni mkongojo tu, na mkongojo ukikaa nao sana mguu haupati nguvu.

Irabu mbili zitakusumbua. Ya kwanza huandikwa *eo* (ㅓ), nayo ni sauti moja, si mbili. Fungua mdomo kama unayetaka kusema "o", kisha legeza midomo isiwe mviringo. Ya pili ni *eu* (ㅡ): sema "u" huku midomo imenyooka kama ya mtu anayetabasamu. *Ae* ichukulie kama "e" yetu, na *oe* kama "we".

Konsonanti ndizo zenye kazi zaidi, lakini watu wa Mombasa na Lamu wana akiba hapa. Mzee wa huko akitamka *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni, hatamki kitu kimoja: la nyumba ni kavu, wa mwituni hutoka na pumzi. Kikorea kina tofauti hiyohiyo, kisha kinaongeza sauti ya tatu inayobanwa kooni bila pumzi yoyote. Sikiliza maneno haya matatu: 달 *dal* ni mwezi, 탈 *tal* ni kinyago, 딸 *ttal* ni binti. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Kwenye *tal* karatasi iruke, kwenye *ttal* isitikisike kabisa. Rudia mpaka karatasi yenyewe ikukubalie, maana hakuna mzazi anayetaka kumtambulisha binti yake kama kinyago.

Hatua ya pili: walio chini ya paa moja

Familia ni 가족 *gajok*. Wazazi ni 부모님 *bumonim*, na hiyo *-nim* mwishoni ni heshima. Utakutana nayo kila mahali.

- 아버지 *abeoji*, baba. 아빠 *appa*, baba kwa sauti ya nyumbani
- 어머니 *eomeoni*, mama. 엄마 *eomma*, mama kwa sauti ya nyumbani
- 할아버지 *harabeoji*, babu
- 할머니 *halmeoni*, bibi
- 남편 *nampyeon*, mume. 아내 *anae*, mke
- 아들 *adeul*, mwana wa kiume. 딸 *ttal*, binti

*Appa* na *eomma* si za watoto wadogo peke yao. Mtu mzima mwenye watoto wake bado humwita mama yake *eomma*. Ukimzungumzia mbele ya wageni au mwalimu, *eomeoni* inapendeza zaidi. Mama wa rafiki yako mwite 어머님 *eomeonim*.

Sasa neno dogo lenye mambo mengi: 우리 *uri*, yaani "yetu". Mkorea kwa kawaida hasemi "mama yangu". Husema *uri eomma*, mama yetu, hata kama ni mtoto wa pekee. Mwanamke husema *uri nampyeon*, na hakuna anayedhani kuna mke mwenzake. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza hushtuka. Wewe usishtuke, kwa sababu unasema "nyumbani kwetu" hata kama unaishi peke yako, na 우리 집 *uri jip* ni hiyohiyo kwetu.

Tunga sentensi yako ya kwanza: 우리 가족은 다섯 명이에요, *uri gajogeun daseot myeongieyo*, familia yetu ni watu watano. Wakorea hujihesabu na wao wenyewe humo, kwa hiyo usijisahau. Idadi ya watu ni *han myeong* (mmoja), *du myeong* (wawili), *se myeong*, *ne myeong*, *daseot myeong*, *yeoseot myeong* (sita). Ukitaka kusema una kaka wawili: 오빠가 두 명 있어요, *oppaga du myeong isseoyo*. Neno kwa neno, ni kama kusema "kaka, wawili, wapo".

Lakini ngoja. Hiyo *oppa* inaweza kusemwa na nusu tu ya wasomaji wangu.

Hatua ya tatu: kaka na dada, na jinsia ya anayesema

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, na mimi nataka upite bila kujikwaa. Kikorea kwanza huuliza: huyo ndugu ni mkubwa kwako au mdogo? Kama ni mkubwa, huuliza tena: wewe unayesema ni mwanamume au mwanamke?

- Mwanamume humwita kaka yake mkubwa 형 *hyeong*, na dada yake mkubwa 누나 *nuna*.
- Mwanamke humwita kaka yake mkubwa 오빠 *oppa*, na dada yake mkubwa 언니 *eonni*.

Ukiona jambo la jinsia ya msemaji ni geni, mfikirie *wifi*. Mwanamume hana wifi. Neno hilo ni la wanawake wao kwa wao, na mwanamume akilitumia kwa dada wa mke wake atasahihishwa palepale, aambiwe aseme shemeji. *Oppa* na *hyeong* ni mantiki hiyohiyo, ila imeingia kwa ndugu wa tumbo moja.

Ndugu aliye mdogo ni rahisi. 동생 *dongsaeng* ni "mdogo wangu", wa kike au wa kiume, mwenye kusema awe nani. Ukitaka kubainisha: 남동생 *namdongsaeng* wa kiume, 여동생 *yeodongsaeng* wa kike. Kuna tofauti moja na kwetu, na inafaa uishike mapema. Sisi twaweza kumwita mtu kwa sauti, "Mdogo wangu, njoo!" Wakorea *dongsaeng* humtaja kwa wengine, lakini kumwita wanamwita kwa jina, wakiongeza *-a* kama jina limeishia na konsonanti na *-ya* kama limeishia na irabu: Jimin-a, Minsu-ya. Mkubwa wako kwa umri, kinyume chake, humwiti kwa jina tupu hata kidogo. Ni *eonni*, ni *hyeong*, au jina likifuatwa na neno hilo.

Tamthilia za Kikorea zimeingia sebuleni kwetu kwa nguvu, na kwa sababu wasichana ndani yake wanaita *oppa* kila baada ya dakika mbili, neno hilo ndilo la kwanza kushikwa. Nimemwona kijana wa kiume akimsalimia Mkorea aliyemzidi umri kwa *oppa*, kwa nia njema kabisa, na yule mgeni akabaki ametabasamu bila kujua ajibu nini. Kijana alitaka kusema *hyeong*. Jambo lingine: msichana humwita *oppa* pia mpenzi wake aliyemzidi umri, kwa hiyo usiligawe neno hilo ovyo kwa watu usiowajua.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea nani amezaliwa kwanza, Wakorea hukuuliza umri mapema, na hawakufanyii utovu wa adabu. 몇 살이에요? *Myeot sarieyo?* ndivyo unavyomuuliza mtoto au rika lako. Mzee unamuuliza 연세가 어떻게 되세요? *Yeonsega eotteoke doeseyo?* Zamani jibu lingeweza kukuchanganya, kwa sababu mtoto alihesabiwa ana mwaka mmoja siku anayozaliwa, na kila mtu aliongezewa mwaka Januari Mosi. Tangu tarehe 28 Juni 2023 sheria ya Korea Kusini inahesabu umri kama tunavyohesabu sisi, ingawa mazungumzoni hesabu ya zamani bado husikika. Aliyelingana nawe umri ndiye 친구 *chingu*, rafiki. Mtu aliyekuzidi miaka miwili mnaweza kupendana kama chanda na pete, bado yeye ni *eonni* au *hyeong* wako.

Maliza hatua hii na nafasi za kuzaliwa: 첫째 *cheotjjae* ni kifungua mimba, 둘째 *duljjae* wa pili, na 막내 *mangnae* ni kitinda mimba. Andika *mak*, tamka *mang*. Mashabiki wa muziki wa Korea wanalijua neno hili, kwa sababu mdogo kuliko wote kundini ndiye *mangnae* na hudekezwa kama kitinda mimba yeyote.

Hatua ya nne: baba mkubwa, baba mdogo, na wengine wa ukoo

Hatua hii ndiyo niipendayo. Kaka mkubwa wa baba ni 큰아버지 *keunabeoji*. *Keun* maana yake "mkubwa", *abeoji* ni "baba". Baba mkubwa! Mdogo wa baba aliyeoa ni 작은아버지 *jageunabeoji*, na *jageun* ni "mdogo". Baba mdogo. Wake zao ni 큰어머니 *keuneomeoni* na 작은어머니 *jageuneomeoni*. Hakuna la kukariri hapo, kuna la kutambua tu. Mdogo wa baba akiwa bado hajaoa huitwa 삼촌 *samchon*. Akioa anapanda kuwa *jageunabeoji*.

Dada wa baba ni 고모 *gomo*, shangazi. Dada wa mama ni 이모 *imo*, na aliye mkubwa kati ya dada zake mama huitwa 큰이모 *keunimo*. Anayemfuata ni 작은이모 *jageunimo*. Hapa tofauti na kwetu: hesabu ni ya dada hao wao kwa wao, si ya umri wa mama. Kaka wa mama ni 외삼촌 *oesamchon*, mjomba, na mkewe ni 외숙모 *oesungmo*, mkaza mjomba. Waume wa *gomo* na *imo* ni *gomobu* na *imobu*.

Hiyo *oe* (외) iliyomtangulia mjomba maana yake "nje": upande wa mama ulihesabiwa kuwa nje ya ukoo. Wazazi wa mama nao ni 외할아버지 *oeharabeoji* na 외할머니 *oehalmeoni*. Familia nyingi leo hazipendi kumwita bibi "wa nje", hivyo wanamtaja kwa mji anakoishi, *Busan halmeoni*, bibi wa Busan, kama sisi tunavyosema bibi wa Tanga. Ukiwa mgeni katika familia, tumia *halmeoni* tu na hutakosea.

Silabi *chon* ndani ya *samchon* ni kipimo cha umbali wa damu, na ukielewa hesabu yake hutaisahau. Kutoka kwako hadi kwa mzazi ni hatua moja. Kutoka kwako kupanda kwa mzazi na kushuka kwa ndugu yako ni mbili. Ukipanda kwa baba, kisha babu, ukashuka kwa baba mdogo, ni tatu, na *sam* ni tatu: *samchon*. Shuka tena kwa mtoto wake, ni nne, na *sa* ni nne: 사촌 *sachon*, binamu. Mume na mke wao ni *muchon*, hawana umbali wowote.

Mpwa ni 조카 *joka*. Hapo Kiswahili kimekitangulia Kikorea kwa uchambuzi, kwa maana kwa wengi wetu mpwa ni mtoto wa dada, na mtoto wa kaka ni mwanangu. *Joka* ni wote wawili.

Utayahitaji maneno haya hasa siku za Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda hiyo, ukoo unapokusanyika. Lakini hata barabarani yanatembea. Katika mkahawa wa kawaida wateja humwita mhudumu mama wa makamo *imo* au *imonim*, kama tunavyosema "mama" kwa mama ntilie. Kuwa mwangalifu na 아줌마 *ajumma*: hutafsiriwa "mama wa makamo", ila wanawake wengi hawapendi kuitwa hivyo na mtu wasiyemjua. Ukisita, sema 여기요 *yeogiyo*, yaani "hapa tafadhali", na mtu atakuja. Kuna jingine litakalokufanya ujisikie mtaani kwenu: mama mwenye mtoto huitwa na majirani kwa jina la mtoto, *Jimin eomma*, Mama Jimin.

Hatua ya tano: wakwe, kwa kifupi

Kama huolewi wala huoi Korea, yajue tu uyatambue. Upande wa mume huanza na *si*: 시아버지 *siabeoji*, 시어머니 *sieomeoni*. Hayo ni ya kumtaja mtu; ukiwa mbele yake ni *abeonim* na *eomeonim*. Wazazi wa mke ni 장인어른 *jangineoreun* na 장모님 *jangmonim*. Mkaza mwana ni 며느리 *myeoneuri*, mkwe wa kiume 사위 *sawi*. Wanawake wa Korea wamelalamika, na kwa haki, kwamba mdogo wa kiume wa mume, asiyeoa bado, huitwa kwa heshima, *doryeonnim*, wakati mdogo wa kike wa mke ni *cheoje* tu bila heshima yoyote.

Hatua ya sita: tabia

Tabia ni 성격 *seonggyeok*. Swali ni 성격이 어때요? *Seonggyeogi eottaeyo?* Tabia yake ikoje? Siku hizi vijana huuliza pia MBTI yako, zile herufi nne za jaribio la haiba, kwa hiyo jua zako kabla hujaulizwa.

Maneno ya sifa ya Kikorea hukaa mwisho wa sentensi na kunyambuka kama vitenzi. Hilo halikutishi, kwa sababu sisi tunasema "ametulia", "amechangamka". Mengi yao kamusi itakupa kwa umbo la *-hada*; wewe mdomoni sema *-haeyo*.

Anza na haya: 조용해요 *joyonghaeyo*, ametulia, mkimya. 활발해요 *hwalbalhaeyo*, amechangamka. 똑똑해요 *ttokttokaeyo*, ana akili. 부지런해요 *bujireonhaeyo*, mchapakazi. Kinyume chake 게을러요 *geeulleoyo*, mvivu. 성실해요 *seongsilhaeyo* ni yule unayemwachia kazi ukalala usingizi. 솔직해요 *soljikaeyo*, msema kweli. 다정해요 *dajeonghaeyo*, mwenye upendo unaoonekana. 무뚝뚝해요 *muttukttukaeyo* ni mtu mkavu wa maneno hata kama moyoni ni mwema, na ndivyo wanaume wa Gyeongsang, kusini mashariki, wanavyosifika. 재미있어요 *jaemiisseoyo*, anachekesha. 성격이 급해요 *seonggyeogi geupaeyo*, ana haraka na hasira za karibu. 고집이 세요 *gojibi seyo*, mbishi, hashauriki.

Kisha wazee. Ukimsifu mtu unayemheshimu, ingiza *-se-*: *haeyo* inakuwa *haseyo*. Ichukulie kama shikamoo iliyofichwa ndani ya kitenzi. Lakini haitoshi kuingiza heshima tu, neno lenyewe lazima limfae. 착해요 *chakaeyo*, "mwema", ni la kumsifu mtoto au mdogo wako. Ukimwambia bibi *chakaseyo*, unamsifu kama mtoto aliyemaliza uji. Bibi mwenye huruma ni 인자하세요 *injahaseyo*. Baba anayejali ni 자상하세요 *jasanghaseyo*, na baba mkali ni 엄격하세요 *eomgyeokaseyo*.

Hatua ya saba: viungo vya mwili

Ukitaka Mkorea akugeukie akuangalie mara ya pili, jifunze semi hizi zinazoeleza tabia kwa viungo vya mwili. 입이 무거워요 *ibi mugeowoyo*: mdomo wake mzito, yaani ana kifua, siri haitoki. Asiye na kifua ni 입이 가벼워요 *ibi gabyeowoyo*, mdomo mwepesi. 손이 커요 *soni keoyo*, ana mkono mkubwa: akipika anapikia mtaa mzima. 발이 넓어요 *bari neolbeoyo*, ana nyayo pana: anajuana na kila mtu. 귀가 얇아요 *gwiga yalbayo*, masikio yake membamba: akiambiwa lolote anaamini. 눈이 높아요 *nuni nopayo*, macho yake yako juu: anachagua sana, hasa mchumba. 낯을 가려요 *nacheul garyeoyo* ni mtoto, au mtu mzima, anayejificha mbele ya wageni.

Kuna maneno mengine mawili, na hakuna tabia ya Kikorea inayoelezwa bila hayo. 눈치 *nunchi* ni ule uwezo wa kuingia chumbani ukajua bila kuambiwa kwamba watu walikuwa wakigombana. Mwenye nao ni 눈치가 빨라요 *nunchiga ppallayo*. Asiye nao, 눈치가 없어요 *nunchiga eopseoyo*. Na 정 *jeong* ni ule mshikamano unaoota polepole kwa watu waliokula pamoja. 정이 많아요 *jeongi manayo*: ana utu, hakuachi uondoke na njaa.

Hatua ya nane: unganisha

Chukua picha ya familia yako na uieleze kwa sauti. Huu hapa mfano, mwenye kusema ni mwanamke:

우리 가족은 여섯 명이에요. *Uri gajogeun yeoseot myeongieyo.* Familia yetu ni watu sita.
할머니는 인자하세요. *Halmeonineun injahaseyo.* Bibi ana huruma.
아버지는 좀 엄격하세요. 그런데 정이 많으세요. *Abeojineun jom eomgyeokaseyo. Geureonde jeongi maneuseyo.* Baba ni mkali kidogo, lakini ana utu.
어머니는 손이 크세요. *Eomeonineun soni keuseyo.* Mama akipika anapikia mtaa.
언니는 성격이 급해요. *Eonnineun seonggyeogi geupaeyo.* Dada ana haraka.
남동생은 조용하고 낯을 가려요. *Namdongsaengeun joyonghago nacheul garyeoyo.* Mdogo wangu ni mkimya na huona haya kwa wageni.
저는 말이 많아요. *Jeoneun mari manayo.* Mimi nina maneno mengi.

Mwanamume abadilishe *eonni* iwe *nuna*, basi. Angalia pia jinsi bibi, baba na mama walivyobeba *-se-*, na dada na mdogo hawakubeba. Jirekodi kwa simu, sikiliza, kisha rekodi tena kesho bila kutazama daftari. Ukiweza kuisema yote kwa pumzi ya kawaida, ongeza mstari mmoja wa shangazi. 고모는... *gomoneun...* Sifa yake unaijua mwenyewe.